Njia za Mabasi Zisiachiwe Magari Yote



Kila msongamano unapozidi jijini Dar es Salaam husikika hoja ile ile: njia za mabasi yaendayo haraka, zilizoanza kutumika Mei 2016 katikati ya Barabara ya Morogoro, zifunguliwe kwa magari yote mpaka foleni iishe. Hoja hiyo ina sura ya haki. Mwenye gari aliyekwama Ubungo huona lami tupu ubavuni mwake.

Lakini basi moja refu hubeba zaidi ya abiria 100. Magari madogo, kila moja na mtu mmoja au wawili, yataijaza njia hiyo kwa dakika chache. Foleni zitakuwa mbili, na basi litakuwa ndani yake.

Jakarta, nchini Indonesia, gari lenye watu chini ya watatu lilikatazwa barabara kuu fulani saa za msongamano. Amri hiyo ilichezewa: watu walikodiwa kuketi garini kutimiza hesabu, hata kina mama wenye watoto wachanga. Ikafutwa mwaka 2016. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba ukawiaji wa jioni ulipanda kutoka dakika 2.8 hadi 5.3 kwa kila kilomita, na hata barabara zisizohusika na amri zikazidi kusongamana.

Wapo wasemao, wala si uongo, kwamba mabasi yamekuwa machache na abiria wamekaa vituoni muda mrefu. Basi yaongezwe mabasi. Mwalimu anayesubiri Kimara alfajiri hatafikishwa shuleni na magari ya wengine.