Taa ya Gari Ikiwaka, Usiifunike

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Angurai)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya gari. Labda mtu atajiuliza, gari latuhusu nini sisi watu wa mihogo na kuku? Latuhusu sana. Siku hizi vikundi vinachanga kidogo kidogo mpaka vinanunua Noah au Probox iliyotumika kutoka Japani. Hiyo ndiyo inapeleka mahindi Malaba, na usiku ndiyo inabeba mama mwenye uchungu wa kuzaa. Ikiharibika, ni jasho la kikundi kizima.

Sisi yalitupata. Wakati wa mvua taa ya njano iliwaka mbele ya dereva, picha ya gari na alama za kuteleza. Dereva akabandika karatasi juu yake. Akasema, "Gari linatembea, breki zinashika, taa ya nini?" Baadaye tukaenda kwa fundi mmoja. Akatazama tu, akasema kompyuta imekufa, leteni shilingi 45,000. Mweka hazina wetu akamwuliza neno moja: "Umepima?" Hakuwa amepima. Tukaondoka.

Sasa tuelewe. Kila gurudumu lina kifaa kidogo, mafundi wanakiita sensa, kinachohesabu mizunguko yake. Kompyuta inalinganisha yote manne. Ikiona moja linazunguka ovyo kwenye tope, inapunguza nguvu za injini au inashika breki ya gurudumu hilo. Kwa hiyo taa ikimetameta kwenye utelezi kisha ikazimika, hakuna ubaya, gari linafanya kazi yake. Ikiwaka na kubaki, hapo chunguzeni. Serikali ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, basi mengi yanayokuja sasa yana mtambo huu.

Fuateni hatua hizi:

1. Tazameni kama kuna swichi yenye picha hiyo hiyo ya gari kuteleza. Pengine mtu aliibonyeza bila kujua. Bonyezeni tena, muone.

2. Tazameni taa nyingine. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, na breki ya mkono imeachiliwa, simamisheni gari. Angalieni mafuta ya breki. Yakiwa yamepungua, huenda yanavuja. Msibebe mtu mpaka fundi athibitishe. Ikiwaka pamoja na taa ya injini, shida yaweza kuwa ya injini.

3. Pimeni betri. Injini ikiwa imezimwa, betri nzuri inaonyesha kama volti 12.6; ikiwa inanguruma, kati ya 13.5 na 14.5. Umeme ukiwa dhaifu, kompyuta inachanganyikiwa.

4. Angalieni tairi. Zote ziwe saizi moja na upepo sawa. Tairi ndogo inazunguka mara nyingi kuliko wenzake, na kompyuta inadhani inateleza.

5. Angalieni sensa. Egesheni mahali tambarare, wekeni mawe kwenye magurudumu. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake! Safisheni tope kwa maji na kitambaa, fuateni waya mpaka mwisho, muone kama umekatika au kuchubuka. Gurudumu likiwa na mchezo au likinguruma, beringi imekwisha, nayo inaharibu usomaji.

6. Tafuteni fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu. Inachomekwa chini ya usukani. Kwa Toyota nyingi, C0200 ni gurudumu la mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, C0215 nyuma kushoto. Andikeni namba hiyo kwenye daftari la kikundi. Lakini jueni, mashine inaonyesha mahali pa kutafuta, haisemi kipi kimeharibika. Yaweza kuwa sensa, yaweza kuwa waya tu.

Gari letu lilitoa C0210. Fundi wa pili alipofungua nyuma kulia akakuta waya umekatwa na jiwe. Akauunganisha, akaufunga vizuri usiguswe na maji, akafuta ile namba, tukalijaribu barabarani. Taa haikurudi. Tulilipa shilingi 1,500.

Jihadharini na anayefuta namba bila kutengeneza. Taa itazimika leo, na kesho itarudi.

Je, gari laweza kutembea taa ikiwa imewaka? Kama ni hiyo peke yake, breki za kawaida zinashika. Lakini ikiwa taa ya ABS pia imewaka, magurudumu yanaweza kufunga ukikanyaga breki kwa ghafula. Kwenye vilima vyetu mvua ikinyesha, endesheni polepole, acheni nafasi, punguzeni abiria na mizigo.

Ndugu zangu, karatasi ile ya dereva ndiyo ninayotaka mkumbuke. Tulifunika taa, hatukufunika hatari, na juu ya kiti cha nyuma waliketi watoto wetu. Hata katika kikundi, hesabu zikikosa kulingana, tusibandike karatasi. Tuulize kama yule mama: "Umepima?" Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

 Sasa maswali.