Kwa Nini Wengine Wanaona Vigumu Kumwamini Mungu



Sisi walimu tunaulizwa na vijana: "Mungu alikuwa wapi?" Tusiwakemee. Wanyarwanda wana methali kwamba Mungu hushinda kwingine, lakini usiku hurudi kulala Rwanda. Mwezi wa Aprili 1994 watu walikimbilia makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyarubuye, wakitumaini kwamba humo hakuna atakayewagusa. Waliuawa humo humo. Aliyenusurika akiogopa kuingia tena kanisani, tusimwite mwovu.

Kwetu Burundi, tarehe 30 Aprili 1997, wanafunzi wa seminari ya Buta waliamriwa watengane, Wahutu huku, Watutsi kule. Walikataa, 40 wakauawa. Habari hiyo hiyo humwimarisha mmoja katika imani, na humvunja mwingine. Wote wawili wanalia msiba mmoja.

Basi, jirani asiyesali tumsaidie kuni na maji kama tunavyosaidiana wenyewe, na tumsikilize anaposema. Imani iliyovunjwa na mikono ya watu haitengenezwi kwa mahubiri peke yake.