Jina Moja, Ladha Mbalimbali

Fanta ya machungwa ilizaliwa Napoli, Italia, mwaka 1955. Sheria ya huko imeweka kiwango cha chini cha juisi halisi katika soda za machungwa: kwa miaka mingi kilikuwa asilimia 12, na tangu 2018 ni asilimia 20. Marekani, Fanta ya machungwa haina juisi hata tone. Rangi ipo, harufu ipo, tunda halimo.

Utamu nao hutofautiana. Coca-Cola ya Marekani ilihamia kwenye shira ya mahindi miaka ya 1980, kwa kuwa sukari ya kigeni iliwekewa mipaka na bei yake ikapanda, huku mahindi yakiwa tele. Ile ya Meksiko yenye sukari ya miwa huvuka mpaka na kununuliwa na Wamarekani kwa bei ya juu zaidi.

Uingereza ilitumia kodi. Kuanzia Aprili 2018, kinywaji kilichoongezwa sukari, chenye jumla ya gramu 5 au zaidi za sukari kwa kila mililita 100, hutozwa kodi hiyo. Makampuni mengi yalipunguza sukari mapema, Fanta ikiwemo, na pengo likazibwa kwa vitamu vya maabara. Hapo ndipo sheria inapothibitisha nguvu yake: mapishi yanabadilika pale serikali inapotaka.

Kwa hiyo, msikilizaji, usiliamini jina pekee. Geuza chupa, usome orodha ya viambato. Kwa kawaida kinachotangulia ndicho kilicho kingi zaidi.