Chujio Lililoziba

Baadhi yetu tunaendesha magari ya dizeli yaliyotumika kwanza ng'ambo, na mengi ya karibuni yana chujio la masizi katika bomba la moshi. Safari fupi fupi za mjini hulijaza. Taa huwaka, gari likakosa nguvu. Masizi huteketea kwa joto la kama 600°C, basi na tushike barabara kuu, twende mfululizo nusu saa hivi. Taa isipozimika, fundi alifungue chujio alisafishe, kwani majivu hayateketei. Wako wanaotushauri tulikate, tulitupe. Ni rahisi, kweli! Lakini mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani, na anayeuvuta ni mtoto wa jirani aendaye shule kwa miguu.