RAMANI YA MSITU TUISOME WENYEWE KABLA YA KUIPITISHA

(Hotuba ya Katibu wa Kamati ya Maliasili katika mkutano wa wanachama wa ushirika. Tumeinakili hapa ukutani kwa faida ya waliokuwa mashambani. Anayejua kusoma amsomee jirani yake.)



Nimepewa kazi ya kueleza jambo moja: ile ramani ya rangi iliyobandikwa katika ofisi ya kijiji. Wengi mmeiona. Wengine mmeuliza, "Imechorwa na nani, mbona hatukuona mtu akipita na kamba?" Swali hilo ni la haki. Ramani hiyo ikishapitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, ndiyo itakayosema msitu ni huu, shamba ni hili, malisho ni pale. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hii ramani ndilo daftari la ardhi yetu. Lakini daftari likiandikwa vibaya nalo hupoteza mali.

Ramani hii imetokana na picha za setilaiti. Setilaiti ni chombo kisicho na rubani, kinachoizunguka dunia kikiwa juu kilomita 700 hadi 800. Mwaka 1972 Marekani walirusha Landsat ya kwanza kwa kazi ya kutazama ardhi. Nyingine zikafuata. Mwaka 2015 nchi za Ulaya nazo zikarusha Sentinel-2, na sasa zipo zaidi ya moja, zinapita juu yetu kila baada ya siku 5 hivi. Picha za Landsat zinatolewa bure tangu mwaka 2008, na za Sentinel pia ni bure. Kwa hiyo mtaalamu akikaa mezani anaweza kulinganisha bonde letu la leo na lilivyokuwa kabla baadhi yetu hatujazaliwa.

Sasa, chombo hicho kinaona nini? Hakioni mtu wala mbuzi. Picha yake imegawanywa katika miraba midogo midogo kama mkeka. Mraba mmoja wa Landsat ni mita 30 kwa mita 30, yaani pungufu kidogo ya robo eka. Mraba wa Sentinel-2 ni mita 10 kwa mita 10, kwa hiyo eka moja ina miraba kama 40. Kila mraba hupewa rangi moja tu. Kama ndani yake kuna mpingo mmoja, kichuguu na nyasi, vyote vimechanganywa kama mboga chunguni.

Mtajiuliza, jani linajulikanaje kutoka mbali vile? Jani bichi lina tabia yake. Mwanga mwekundu wa jua hulimeza kwa kujipikia chakula, lakini kuna mwanga mwingine, ambao macho yetu hayauoni, jani hilo huurudisha juu kwa wingi. Setilaiti inauona. Penye majani mengi mwanga huo unarudi mwingi, penye udongo mtupu tofauti hiyo haipo. Mara nyingi wataalamu huupa mwanga huo rangi nyekundu ili uonekane kwenye karatasi. Kwa hiyo ukiona picha ambayo msitu wake ni mwekundu, usiseme umeungua, huenda ndio uliostawi.

Baada ya hapo mtaalamu huionyesha kompyuta mahali pachache anapopajua: hapa msitu, hapa ufuta, hapa mbuga. Kompyuta inakwenda kutafuta miraba mingine inayofanana na hiyo. Basi, ndugu zangu, kazi yote ni ya kufananisha, na mambo yanayofanana si lazima yawe mamoja. Naomba mnisikilize vizuri katika mambo manne.

Kwanza, mikorosho. Mikorosho ya zamani iliyosongamana, ukiitazama kutoka juu, ni majani mabichi yaliyofunika ardhi. Kompyuta inaweza kuiita msitu kwa urahisi kabisa. Shamba la mwanaushirika likiingizwa ndani ya mstari wa hifadhi, kesho ataambiwa asiingie na panga katika mikorosho aliyoachiwa na babu yake.

Pili, miombo wakati wa kiangazi. Sote tunajua miombo hupukutisha majani, na moto ukipita chini huacha majivu meusi. Picha iliyopigwa mwezi wa Septemba itaonyesha pori kama limekufa, kumbe mvua zikikaribia linachipua lote. Wakati wa masika nako mawingu yanaziba. Ndiyo maana mtaalamu makini hachukui picha moja. Huchukua za miezi mbalimbali, akazilinganisha. Tumuulize: picha hizi ni za mwezi gani, na za mwaka gani? Tusione haya kuuliza.

Tatu, mashamba yaliyopumzishwa, na hapa ndipo penye hatari kubwa. Shamba lililolala miaka minne, mitano, kwenye picha ni vichaka tu. Mchoraji akiandika "vichaka, haitumiki", mkono mwingine unaweza kuja kusoma "ardhi ya bure". Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inapoeleza ardhi ya jumla ni ipi, imeingiza pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Mnaona uzito wa neno moja kwenye ramani! Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo, inapoeleza ardhi ambayo wanakijiji wamekuwa wakiitumia, imelitaja hata shamba lililopumzishwa. Kwa hiyo tudai liandikwe kwa jina lake: shamba lililopumzishwa. Tusikubali liitwe pori.

Nne, msitu ulioibiwa. Kwa hesabu ya taifa, msitu ni eneo lisilopungua nusu hekta, lenye miti inayofikia au inayoweza kufikia mita 3, na vivuli vyake vikifunika asilimia 10 ya ardhi. Pimeni wenyewe: mwizi akiingia usiku akakata mipingo yote na mininga yote, akaacha miti mingine, vivuli bado vinazidi asilimia 10. Ramani itaendelea kusema msitu upo. Ni kweli upo, lakini mali imekwenda. Wizi wa namna hiyo unagunduliwa na doria ya miguu, kwa kuona kisiki na alama za magurudumu.

Jamani, sisemi tuikatae setilaiti. Faida yake ni kubwa. Vijana wetu wa doria ni wachache na msitu ni mpana. Mtu akifyeka eka 10 za ufuta huko ndani, picha za mwezi huu zikilinganishwa na za mwezi uliopita zitaonyesha. Tukigombana na jirani juu ya lini pori fulani lilifyekwa, picha za zamani hazina undugu na mtu yeyote. Ninachosema ni kwamba picha ni shahidi mmoja, na shahidi mwingine ni sisi tunaotembea chini.

Hata serikali haikutegemea picha peke yake. Katika upimaji mkuu wa misitu ya Tanzania Bara, ule wa NAFORMA uliotolewa taarifa mwaka 2015, picha zilitumika, lakini watu pia walitumwa maporini kupima unene wa miti, mti kwa mti. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kuwa tuna hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi kidogo ya nusu ya nchi kavu. Kama taifa zima lilitembea kwa miguu, sisi kijiji kimoja tutashindwaje?

Kwa hiyo Kamati inapendekeza hivi. Jumamosi ijayo kila kitongoji kitoe watu wanne. Awepo mzee anayejua mashamba ya zamani na wenyewe. Awepo mama mmoja, kwa sababu wanaojua njia za kuni, uyoga na ming'oko ni wao. Awepo mrina asali au mwindaji wa zamani. Na awepo kijana mwenye simu inayoweza kusoma mahali tulipo. Tutachukua nakala ya ramani, twende mpaka pale kila rangi inapobadilika, tuandike kwenye daftari: ramani inasema nini, na sisi tunaona nini. Palipo na tofauti tuweke namba na jina la mahali kwa lugha yetu ya hapa. Daftari hilo litapelekwa kwa wataalamu kabla ya Mkutano Mkuu, nao warekebishe.

Asije mtu akasema, "Mimi si msomi, ramani hainihusu." Mtaalamu anajua mwanga unavyorudi angani. Wewe unajua ni nani alilima pale, mwaka gani, na kwa nini alipumzisha. Elimu hizo mbili zikikutana, ramani itakuwa ya kweli. Moja ikikosekana, tutapitisha karatasi ya kutunyang'anya mashamba kwa mikono yetu wenyewe.

Penye wengi hapaharibiki neno. Jumamosi, saa 12 asubuhi, ghala la ushirika. Kila mtu aje na maji yake na panga lake.