Habari za Daftari za Ardhi


Kamati imeniagiza nieleze habari za daftari za ardhi. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi katika pwani yetu. Kila mwenye kudai shamba alitakiwa apeleke madai yake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji. Wengi katika vijiji vya mbali hawakupata habari, na wengine walipata wakapuuza. Ndiyo sababu hata leo huonekana minazi ni ya mtu huyu, na udongo ulio chini yake ni wa mwingine.

Mimi mwenyewe nilivuka bahari kwenda kuuliza habari za uwanja wetu wa makaburi, nami sikuchukua ila jina la marehemu babu. Nikajibiwa ya kwamba daftari hupangwa kwa nambari ya kiwanja, wala si kwa jina la mtu. Nikarudi mikono mitupu, na nauli ya mashua, wazee mwaijua, si haba.

Basi itafuteni nambari kwanza katika ramani ya upimaji. Kisha jazeni fomu, lipeni ada, na stakabadhi msiiache. Cheti mtakachopewa huonyesha mwenye ardhi, ukubwa wake, na rehani ikiwapo. Msione haya kuuliza: Katiba ya 2010, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Makaburi yetu yameandikwa kwa nani, bado sijapata kujua. Kamati imenipa nauli ya pili, na safari hii nakwenda na nambari.