Jina Liingie Kwenye OB

Msikilizaji, kijana akishikwa mtaani Ijumaa jioni, jamaa zake wanaijua hesabu inayofuata. Korti imefungwa hadi Jumatatu. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ila saa hizo zikiisha wakati korti haiketi, anaweza kusubiri hadi siku inayofuata ya korti. Kwa afisa mwenye tamaa, mwanya huo umekuwa mtaji. Hutaki mwanao alale seli hadi Jumatatu? Basi ongea vizuri, toa kitu kidogo.

Biashara hii hunoga kabla jina halijaandikwa kwenye kitabu cha matukio, OB. Likishaandikwa, pamoja na saa na kosa analodaiwa, mkuu wa kituo anaweza kuulizwa mtu huyo alitokaje. Kabla ya hapo, kijana anazungushwa kwenye landikruza mtaa hadi mtaa, simu zinapigwa nyumbani, bei inajadiliwa gizani. Kukicha, hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba alishikwa.

Wazazi wengi wanaolipa hawajui sheria iko upande wao. Kifungu hichohicho cha 49 kinasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita. Mshukiwa ana haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili. Bondi ya polisi hailipiwi. Ukitakiwa kuweka dhamana ya pesa taslimu, dai risiti ya serikali, maana pesa hizo ni zako na kesi ikiisha unarudishiwa.

Wapo watakaosema shilingi mia tano za kumtoa mtoto si jambo la kukesha tukilizungumzia. Mimi nakesha, kwa sababu najua mazoea ya kumzuilia mtu kwa siri yanakofika. Mwaka 2016 wakili Willie Kimani alikuwa akimtetea mwendesha bodaboda aliyepigwa risasi na afisa wa polisi, na ambaye alikuwa amemlalamikia afisa huyo kwa IPOA, mamlaka inayosimamia utendaji wa polisi. Walipotoka korti ya Mavoko, wakili, mteja wake na dereva wao wa teksi walitekwa, wakazuiliwa katika kambi ya polisi ya Syokimau. Wapendwa wao waliwatafuta huku na huku bila kujua waliko. Miili yao ilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk. Hukumu ya kifo dhidi ya afisa aliyekuwa amelalamikiwa ilitolewa Februari 2023, karibu miaka saba baadaye. Washtakiwa wenzake watatu walifungwa.

Kitabu cha OB peke yake hakitoshi, nalijua hilo. Juni 2025 mwanablogu Albert Ojwang' alifariki akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani, lakini uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kupigwa. Anayeandika anaweza kuandika uongo. Hata hivyo uongo ulioandikwa una mwenyewe, na unaweza kupimwa mbele ya hakimu.

Kwa hiyo ndugu yako akishikwa, nenda kituoni usiku huohuo, na ukiweza usiende peke yako. Uliza nambari ya OB kabla ya kuuliza lingine lolote. Wakikunyima, andika saa uliyofika na jina la afisa aliyekuwa zamu, upeleke malalamiko IPOA.

Na kwa Inspekta Jenerali wa Polisi: tumechoka kusikia afisa aliyelalamikiwa amehamishwa, maana huko anakopelekwa nako kuna wananchi. Anayemzuilia mtu nje ya OB ashtakiwe kwa jina lake, na mkuu wa kituo aliyefumba macho asimame kizimbani pamoja naye.